Kaka yangu ndiye aliyetuambia mafuta yamefika, na yeye ndiye aliyekosa

Shikamoo mama,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kibirizi hapa Kigoma. Mume wangu ana boti ya abiria na mizigo hapa Ziwa Tanganyika. Anapakia mwaloni kwetu, anapita Gombe na Mwamgongo, analala Kagunga karibu na mpaka wa Burundi, kesho yake anarudi. Nikiandika kirefu nivumilie, maana jambo hili sijamwambia mtu, hata mama yangu mzazi.

Tangu tuoane, pipa la petroli la lita 200 halijawahi kukosekana kwetu. Safari moja ya kwenda na kurudi inakula kama lita 60, akiwa na mzigo mzito zinazidi. Huko njiani hapendi kununua, anasema mafuta ya chupa ni ghali na mengine yamechakachuliwa kwa mafuta ya taa, yanaua mashine. Kwa hiyo pipa likifika nusu analijaza. Hilo nimelizoea na sina neno nalo.

Mwezi uliopita mafuta yalikata mjini. Mwanzoni tulisikia ni sheli moja tu imefunga. Siku ya tatu bodaboda zikawa zinasukumwa barabarani, na waliokuwa na mafuta ya chupa wakawa wanataja bei wanayotaka. Kaka yangu wa tumbo moja anaendesha bodaboda ya mkataba, kijiwe chake kiko Mwanga, hapa hapa mjini. Usiku mmoja alinipigia simu. Akaniambia, "Mdogo wangu, gari la mafuta limeingia sasa hivi kwenye sheli ya karibu na sisi. Mwambie shemeji awahi alfajiri, angalau apate ya safari moja." Nikamwamsha mume wangu nikamwambia.

Mama, mume wangu hakwenda kutafuta ya safari moja. Alituma vijana wanne wa boti na kirikuu, kila kijana madumu matatu ya lita 20. Mhudumu wa pampu anamfahamu, akapewa hela ya soda, wakaingizwa kwa nyuma bila kupanga foleni. Madumu 12. Kaka yangu alikuwa pale tangu saa kumi usiku. Zilibaki pikipiki tano zimfikie, pampu ikakauka. Aliwaona vijana wetu wakipakia, anawajua kwa majina. Alikaa siku mbili bila kazi na hesabu ya bosi ni shilingi 10,000 kila siku, aipate au asiipate. Sasa ni wiki ya tatu hajakanyaga kwangu. Nikipiga simu anapokea, ananiuliza hali ya watoto, basi.

Mume wangu anasema hajaiba, kalipa kila lita. Anasema kila mwenye akili anaweka akiba, na boti ikikwama Kagunga na mgonjwa ndani atakayeulizwa ni yeye, si kaka yangu. Anasema hata asingeyachukua yeye angeyachukua mwingine. Na mimi nakiri kwamba wenzake walipandisha nauli kipindi kile, yeye hakupandisha hata shilingi. Madumu matatu alishayauza Kagunga, yamebaki tisa, yako kwenye banda la jikoni pamoja na pipa maana nje anaogopa wezi. Ninapikia humo humo. Mtoto wa mwisho analalamika kichwa, nami siku hizi nguo zangu zote zinanuka petroli.

Wiki iliyopita nilishindwa kuvumilia, nikamwita mlanguzi mbele ya watoto. Tangu siku hiyo tunasalimiana tu. Nataka uniambie ukweli, mama. Kuweka mafuta wakati wa uhaba ni kununua kwa taharuki, ni ulanguzi, au ni akiba kama anavyosema yeye? Kama nimemkosea nimwombe radhi. Kama ni yeye, nimwambie nini?

Mke wa nahodha, Kibirizi

---

Marahaba mwanangu,

Kabla hujasoma mstari wa pili, leo usipike kwenye banda hilo. Peleka jiko uani, upande upepo unakotoka, mbali na mlango. Fungua mlango na dirisha la banda liingie hewa, na mtu asiingie na kibatari, sigara wala kiberiti. Kukiwa na mwanga wa kutosha, vijana wa boti wayatoe madumu na pipa, wayapeleke penye kivuli, hewa na kufuli, mbali na mahali mnapolala. Umeuliza nani mwenye haki, nami nitakujibu, lakini hilo linaweza kungoja kesho. Petroli iliyo karibu na jiko la mkaa haiwezi kungoja.

Unaposema nguo zinanuka na mtoto anaumwa kichwa, hiyo ni mvuke ya petroli. Petroli haihitaji kupashwa moto ili itoe mvuke unaoshika moto. Dizeli hutaka joto la zaidi ya nyuzi 50, lakini petroli hutoa mvuke huo hata kwenye baridi ambayo Kigoma hatujawahi kuiona. Na mvuke wake ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukatokea kwenye paa kama moshi, unashuka sakafuni, unatambaa taratibu mpaka ukutane na kaa la moto. Mtu anaweza kuwa amesimama hatua kadhaa kutoka kwenye dumu, hajaligusa, na moto ukamfikia miguuni.

Mwaka 2012 nchini Uingereza kulikuwa na tetesi kwamba madereva wa magari ya mafuta watagoma. Waziri mmoja, Francis Maude, akawashauri wananchi waweke dumu moja la petroli kwenye banda la gari. Siku chache baadaye mama mmoja wa mji wa York alikuwa jikoni kwake akimimina petroli kutoka chombo kimoja kwenda kingine, na jiko linawaka. Mvuke ulishika, akaungua vibaya. Mafuta yenyewe hayakuwa yameadimika, ilikuwa ni hofu ya kuadimika tu. Na sisi tunayo Msamvu, Morogoro, Agosti 2019, ambako zaidi ya watu 100 walikufa wakichota mafuta ya gari lililopinduka. Sikutajii hayo nikutishe, mwanangu. Nayataja kwa sababu mume wako anaogopa wezi, na anachotakiwa kukiogopa kiko kwenye kona ya banda lake.

Madumu nayo, kama ni yale ya njano yaliyokuja na mafuta ya kula, hayakutengenezwa kwa petroli. Yalainika, vifuniko vyake havibani. Vyombo vya petroli vipo, vya chuma na vya plastiki ngumu. Na dumu halijazwi mpaka shingoni. Petroli hutanuka ikipata joto: lita 20 zilizojazwa kwenye ubaridi wa alfajiri, joto likipanda nyuzi 20, huongezeka karibu lita 0.4, na hizo zitatafuta pa kutokea. Weka ndoo mbili za mchanga karibu. Maji hayazimi petroli, yanaisambaza. Namba ya Zimamoto ni 114, waandikie watoto ukutani.

Sasa swali lako.

Wewe umeyaweka pamoja mambo mawili ambayo mimi nayaona mbalimbali: pipa na madumu. Pipa la lita 200 ni akiba, na sioni aibu yoyote ndani yake. Mumeo anatumia lita 60 kwa safari, kwa hiyo pipa ni safari tatu na kidogo. Analijaza linapofika nusu, siku za kawaida, sheli ina mafuta na hakuna anayesubiri nyuma yake. Lita anazonunua siku hiyo hazimpungukii mtu, kwa sababu gari lijalo litaleta nyingine. Tena mtu wa namna hiyo anaisaidia foleni, maana uhaba ukifika yeye hayupo. Ana safari tatu mkononi, anaweza kutulia wiki nzima akawaachia wengine.

Kwa wenye Qur'ani na kwa wenye Biblia, kisa cha Yusuf wa Misri ni kimoja: miaka saba ya neema kwanza, kisha saba ya njaa. Yusuf aliweka ghalani wakati wa neema. Hakungoja njaa iingie ndipo akimbilie sokoni na punda kumi na wawili. Na alipofungua ghala, alilifungulia watu.

Madumu 12 yalinunuliwa kwenye njaa. Lita 240 zilitoka kwenye pampu moja, alfajiri moja, watu wakiwa wamesimama. Kaka yako, kama wenzake wengi wa mjini, sidhani kama anatumia zaidi ya lita 3 kwa siku akiwa anajibana. Basi lita 240 ni kazi ya siku moja ya bodaboda 80. Mumeo tayari alikuwa na pipa. Hukuniambia lilikuwa na kiasi gani siku ile, na ningependa umuulize, kwa sababu jibu langu linategemea hapo kuliko mahali pengine popote. Kama pipa lilikuwa tupu, madumu matatu ya kwanza yalikuwa haki yake kabisa, kaka yako mwenyewe alisema apate ya safari moja. Kama lilikuwa nusu au zaidi, hata hayo matatu yangeweza kungoja.

Kwa hiyo ndiyo, yale ya ziada yalikuwa kununua kwa taharuki. Lakini nataka uelewe neno hilo vizuri kabla hujamrushia. Watu hudhani mwenye taharuki ni mtu aliyerukwa na akili, anayekimbia huku na huku. Sivyo. Kila mmoja aliye kwenye foleni ile alikuwa na akili timamu na sababu nzuri. Hebu tuseme mjini kuna bodaboda 1,000, na siku ya kawaida kila moja hununua lita 3. Hizo ni lita 3,000. Uvumi unapita kijiweni, siku hiyo kila mmoja anaamua ajaze tangi, lita 10. Hakuna aliyebeba dumu, hakuna aliyeficha kitu, na bado lita 10,000 zimeondoka, mafuta ya siku tatu kwa siku moja. Sheli inakauka. Waliosikia uvumi wanasema, mnaona? Tulisema. Na wasiokuwa na haraka nao wanaingia kwenye foleni.

Waingereza waliliona hili tena Septemba 2021. Maghala yao yalikuwa na mafuta, kilichopungua ni madereva wa kuyasafirisha. Vituo vichache vikafungwa, habari ikasambaa, na ndani ya siku chache chama cha wauzaji wa rejareja kikasema karibu theluthi mbili ya vituo vya wanachama wake vimekauka. Watu walikuwa wameyahamisha mafuta kutoka kwenye matangi ya sheli kwenda kwenye matangi ya magari yao, yakakaa huko yamesimama nje ya nyumba.

Hata hivyo sitaki kumhukumu mtu wa Kigoma kwa mizani ya London. Sisi ni mwisho wa reli. Mafuta yetu yanashushwa bandarini, Dar es Salaam zaidi, kisha yanasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutufikia, na gari likichelewa Tabora au Kasulu huku hatuna sheli nyingine ya kukimbilia. Na uhaba wa kweli umeshawahi kutupata. Mwaka 2023 dola ziliadimika, waagizaji wakapata shida ya kulipia mizigo, na bei kikomo ya petroli Dar es Salaam ikaruka kutoka shilingi 2,736 kwa lita mwezi Julai hadi 3,199 mwezi Agosti. Huku kwetu unaongeza na gharama ya safari. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo mpya Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kila mfanyabiashara analijua hilo. Inaponukia bei kupanda, kuna wenye vituo ambao pampu zao "zinaharibika" siku mbili tatu kabla ya Jumatano, na zinapona Jumatano mchana. Mwaka ule vituo kadhaa vilifungiwa kwa kosa la kuficha mafuta. Nahodha aliyeyaona hayo hajaumwa akili akiwa na hofu. Ana watu ndani ya boti. Mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga kwa maelfu, waliokolewa na meli na maboti, kwa sababu njia yao ya kutoka ilikuwa ziwa. Anaposema ataulizwa yeye, anasema kweli, na nakuomba uanze kwa kumkubalia hapo.

Ila anaposema hata asingechukua yeye angechukua mwingine, hapo simkubalii. Huyo mwingine anajulikana. Ni shemeji yake, pikipiki ya sita kutoka mbele.

Na kuna mstari mmoja kwenye barua yako umeupita haraka, mwanangu, kama mtu anayepita mbele ya nyumba anayodaiwa. Umesema madumu matatu alishayauza Kagunga. Hukusema bei. Kagunga iko jirani na Burundi, na kila anayeishi ukanda huu anajua wenzetu wa huko wamehangaika na uhaba wa mafuta kwa miaka, kiasi kwamba dumu moja linaweza kupata bei ya ajabu. Kama aliyauza kwa faida, basi yale matatu si akiba wala si taharuki. Mwenye hofu ya kukwama hauzi mafuta yake. Hayo ndiyo yanayoitwa ulanguzi: kuvuta kitu kutoka mahali kilipopungua, kukingoja mpaka bei yake ipande, kisha kumuuzia aliyebanwa. Wanazuoni wetu hapa Ujiji wanaliita ihtikari, na wanatofautisha vizuri kati ya anayeweka kwa ajili ya watu wake na anayehodhi ili bei ipande. Tena kuuza mafuta bila leseni ya EWURA ni kosa, na kuyavusha mpaka kimyakimya ni kosa jingine juu yake. Mafuta yakikamatwa, boti nayo inaweza kuzuiwa, na boti ndiyo chakula chenu.

Inawezekana hakupata faida. Inawezekana aliwaachia wenzake wa ziwani waliokwama kwa bei ile ile ya sheli, watu wa majini hufanyiana hivyo. Muulize. Muulize mkiwa wawili, watoto wamelala, na muulize kwa kutaka kujua.

Kuhusu kumwita mlanguzi mbele ya watoto, mwombe radhi, leo. Sisemi hivyo kwa sababu una makosa kwenye kila kitu. Mwaka 1983 nilikuwa binti mdogo wa kutumwa dukani, hapa hapa Ujiji. Sabuni ilikuwa kwa foleni, sukari kwa foleni. Ndipo Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanza msako wa wahujumu uchumi. Niliona asubuhi vichakani mizigo iliyotupwa usiku na watu walioogopa kukutwa nayo. Neno mlanguzi siku zile lilikuwa la kumpeleka mtu mahabusu, na watoto wa walioitwa hivyo walichekwa shuleni miaka mingi baadaye, wengine kwa makosa ya baba aliyekuwa na katoni mbili za sabuni chini ya kitanda. Mpaka leo sipendi kulisikia ovyo. Watoto wako watamkumbusha baba yao neno lile siku atakayowakataza kitu. Waite, mwambie mbele yao kwamba ulikasirika na ulikosea kumtukana. Jambo lenyewe mtalizungumza ninyi wawili, na huhitaji kulifuta.

Sasa, madumu tisa. Usimwambie ayauze, kwa sababu nilizokwisha kutaja. Usimwambie ayamwage. Ni lita 180, safari tatu kamili. Mwambie tu asiende sheli mpaka yaishe. Kila safari atoe kwenye madumu, asiguse pampu, na pipa libaki kama lilivyozoea kuwa. Kwa wiki moja au mbili foleni itakuwa fupi kwa boti moja, na abiria wa Kagunga watasafiri kwa nauli ile ile ambayo umesema hakuipandisha. Hilo la nauli, mpe heshima yake, tena umtajie kwa mdomo. Mtu aliyeweza kukataa faida ya nauli wakati wenzake wanaipokea anaweza kuongea nawe juu ya madumu. Petroli yenyewe haitaki kukaa, hasa ikishachanganywa na oili ya mashine. Mwezi mmoja inatosha ianze kusumbua. Anaposema akiba haina hasara, mwonyeshe mashine itakavyokohoa.

Na vijana wale wanne wasiingizwe tena kwa nyuma. Hela ya soda ndiyo inayoniuma kuliko madumu. Uhaba watu wanaweza kuuvumilia wakiona kila mtu amesimama. Kaka yako angekosa mafuta kwa sababu yameisha, angesukuma pikipiki yake nyumbani akalala. Aliyekaa tangu saa kumi akaona wa nyuma wanahudumiwa kwanza, na ni watu wa nyumba aliyoitonya yeye mwenyewe, huyo hakukosa mafuta peke yake.

Hapo ndipo na wewe ulipo ndani, mwanangu, na nadhani unajua, ndiyo maana umeandika. Simu alikupigia wewe. Alikuamini na habari ambayo angeweza kuificha, wakati wengine kijiweni walikuwa wanafichana. Wewe uliifikisha kwa mumeo kwa nia njema, halafu mambo yakaenda yalivyokwenda, na kwa wiki tatu umekuwa ukimngoja kaka yako aje. Yeye ni mkubwa wako. Hawezi kuja kudai.

Kwa hiyo utakwenda wewe kwanza, bila mumeo. Mumeo atakwenda siku yake, akishakubali, na ikibidi wakazungumze wanaume peke yao juu ya zile 20,000 za hesabu ya bosi ambazo shemeji alizitoa mfukoni. Hizo zilipwe, na zilipwe na aliyesababisha. Nenda asubuhi, kabla hajatoka kwenda Mwanga, wakati mkewe anatenga uji. Mwambie kwamba alikupa habari kwa upendo na ikamrudia vibaya, na kwamba ulilijua siku ile ile ukanyamaza. Usianze kumtetea mumeo hata kama atamsema. Na siku hiyo usiende na dumu la petroli. Najua utatamani, yako tisa na yeye anayahitaji. Akiliona mlangoni atajua umekuja kulipa, na atakuwa amefungwa mdomo kabla hajasema lililo moyoni. Nenda mikono mitupu, umsikilize mpaka amalize.